Miti Tuliyomlazia Sifa

Feza wangu,

Tangu asubuhi mama yako anakupa maagizo: sabuni ikae wapi, mkate upi wa kwanga ni wa njiani na upi ni wa shangazi, usiongee ovyo na watu wa treni, usikose misa. Sina la kuongeza hapo. Kila kitu amekwisha kukisema, na vingine amevirudia mpaka hata mbuzi wa jirani wamevishika. Mimi nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni pa zizi, jua bado liko juu kidogo, nawe umekwenda parokiani kuagana na watu wa kwaya. Mama yako ataiweka barua hii chini kabisa ya begi, chini ya vitenge, usiikute mpaka ufike kituo cha Samba. Treni ya pale hukawia sana, muda wa kusoma utakuwa nao.

Nakuandikia kwa sababu ya neno lako la leo mchana. Uliweka chini ndoo ya maji ya farasi wetu Sifa, ukanitazama mbele ya mama yako, ukaniambia, "Papa, weye uko unanifukuza." Nilichukua ile ndoo nikaenda kumwaga maji ambayo wala hayakuwa machafu. Unanijua, mimi neno la leo hulijibu kesho, na kesho hutakuwepo. Basi jibu ni hili, na nitazunguka kidogo kabla ya kulifikia.

Nilipokuwa kijana nilitunza farasi Lubumbashi, katika zizi hilo hilo unalokwenda kufanyia kazi. Nimekusimulia mazuri yake tangu ulipokuwa mdogo: harufu ya majani makavu, watoto wa matajiri waliokuwa wakilia wakipandishwa na wakilia tena wakishushwa. Sikukusimulia sana juu ya farasi mmoja mwekundu, dume. Alikuwa mkakamavu kama ubao. Akigeuka, anageuka mzima mzima, na akienda mbele, miguu ya nyuma haifuati ile ya mbele. Mwalimu wa pale akaniambia nimlazie miti chini, nimpitishe juu yake polepole, ili ainue miguu, ashushe shingo na mgongo wake ulainike.

Nikailaza miti. Nafasi ya kati ya mti na mti niliipima kwa hatua zangu mwenyewe, na miguu yangu unaijua, si mirefu. Farasi akawa anajigonga kwato. Nilidhani ni ukaidi. Nikamrudisha, akajigonga tena, nikamrudisha, mpaka jasho likamtoka kifuani na mimi pia. Baada ya siku chache alikuwa akiona hata kivuli cha kamba ya nguo kimelala chini, anasimama na kutetemeka. Hakuna aliyenigombeza. Mwalimu alikuja, akaisogeza miti kwa mguu wake, mmoja mmoja, akaenda zake. Nafasi ilikuwa sawa sasa, lakini yule farasi hakuniamini tena, na mpaka naondoka pale alikuwa akigeuza masikio nyuma kila nikiingia.

Nilirudi Kasongo mama yangu alipougua, yule ambaye jina lake umelibeba wewe. Baada ya kumzika sikuondoka tena. Huku kwetu farasi hawakai, kila mtu anajua, mbung'o hawawapi nafasi. Nikasukuma baiskeli ya mafuta ya mawese kwenda soko la Nyangwe na kurudi, miaka mingi, na nikisimulia habari za farasi watu waliniuliza kama wana pembe. Nikaacha kusimulia, isipokuwa kwako. Wewe ulisikiliza kila kitu, na hapo ndipo nilipoanza kukutia katika njia yangu bila kukuuliza.

Halafu mwenye ng'ombe wa kule Wamaza akamnunua Sifa huko milima ya Kivu, akamleta kwa lori ili ampande akizungukia mifugo yake. Kule juu kwenye nyasi kulikuwa na upepo na mbung'o walikuwa wachache, akasema atajaribu. Akaniita. Tukahama sote watatu. Unakumbuka jinsi Sifa alivyoshuka kwenye lile lori: shingo imepinda kushoto, mbavu zimetoka kulia, makalio yanakwenda njia yake. Mwenye ng'ombe alilalamika kwamba anataka kwenda kisimani na farasi anampeleka kwenye mihogo.

Tulikata miti pamoja kando ya kijito, iliyonyooka, tukaichuna maganda ili ionekane vizuri kwenye majani. Mama yako alikuja kuitazama, mikono kiunoni. Akasema, "Miti mizuri hivi mumeilaza chini bure, na jiko yangu iko inaanguka." Tangu siku ile hajaacha kuitolea macho, hata huku Kasongo tulikoiteremsha, maana jiko la hapa nalo linaanguka.

Safari hii nilikuwa nimejifunza jambo moja. Nilimtembeza Sifa kwenye tope, nikapima nafasi kwa alama za kwato zake, si kwa miguu yangu. Tukaanza na mti mmoja tu, kisha tukaongeza. Hakujigonga. Nikajiona fundi. Lakini tulipolaza miwili kwa urefu, tukatengeneza kama kinjia cha kupita katikati, kila mara aliingia vizuri na kutokea pembeni. Mimi nikawa namvuta kwa kamba. Nilivuta, kichwa kikanyooka, na makalio yakatoka upande mwingine. Nikavuta zaidi. Wiki nzima nilimvuta yule farasi, na kilichonyooka ni kamba tu.

Hapa lazima niseme juu ya mkono wako.

Ulipoanza kula mwenyewe, ulichota bugali kwa mkono wa kushoto. Nyumbani kwetu mkono huo haugusi chakula wala haumpi mtu kitu, wewe mwenyewe unajua. Wakubwa wa ukoo wakaniambia mtoto huyu atatuaibisha kwenye sahani za watu. Nikachana ukanda wa kitenge, na kila tulipokaa kula nikakufunga ule mkono kiunoni. Ulilia siku za kwanza. Kisha ukaacha kulia, na hilo lilinifurahisha, nikaona dawa imeingia. Ulikula polepole, mboga ya sombe inaisha wenzako wameshiba, na mama yako alikuwa akikufichia yako nyuma ya nyumba, anakufungua, unakula utakavyo. Nilijua anafanya hivyo. Nilimkasirikia, nikidhani ananiharibia kazi.

Kazi yangu ilifanikiwa. Unakula kwa mkono wa kuume mpaka leo. Lakini nikija kukaa karibu nawe wakati wa chakula, naona mkono wa kushoto unajificha wenyewe ndani ya kitenge, na wewe mkubwa hivyo. Siwezi kuufungua. Nimewahi kutaka kusema kitu, kila mara nikaomba chumvi.

Sasa kumbuka ile asubuhi niliyokuwa na malaria. Nilikuwa nimejikunja chini ya ukuta, nimejifunika blanketi juani, nikakuambia umshike Sifa umtembeze tu asilale. Ulimshika kwa mkono wako, ule ule wa kushoto. Kwa hiyo ulisimama kuumeni kwake, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kusimama. Sisi sote, mimi niliyefundishwa Lubumbashi na wale wachungaji wa Kivu waliokuwa naye kabla yangu, tulimwongoza kutoka kushoto, tukamfunga kutoka kushoto, tukampa pumba kutoka kushoto. Maisha yake yote alikuwa akigeukia kushoto kutazama mtu. Siku ile alikugeukia wewe. Nikaona mbavu zake zinalegea, shingo inashuka, akaingia katika kile kinjia na kutokea mbele, katikati kabisa, kamba yako imelegea.

Nikadhani ni bahati. Nikakuambia uhamie kushoto, ndiyo taratibu. Akapinda tena. Nikakuambia, "Rudi kule." Ndilo neno pekee la pongezi nililokupa siku ile. Nilipaswa kukuambia mengine mengi, na homa haikuwa sababu.

Kuanzia hapo kazi ilikuwa yako. Mimi nilibeba miti. Tuliipanga kwa kuzunguka, vichwa vya ndani karibu karibu, vya nje mbali mbali, ili mguu wake wa nje ujinyooshe na mbavu za ndani zijikunje kidogo, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili, muda mfupi tu, halafu apumzike. Ulikuwa ukimwimbia nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Msimu wa mvua ulipokwisha alikuwa anatembea kichwa chini, anapuliza pua, mgongo unacheza. Mwenye ng'ombe alimpanda akafika kisimani, akashangaa. Nilikuwa na furaha, Feza. Sikuionyesha, lakini ilikuwa furaha, na katika maisha yangu siikumbuki nyingine ya namna ile.

Kilichofuata hatujakizungumza. Wenye silaha walichoma nyumba upande wa pili wa kijito, mwenye ng'ombe akapiga simu kwamba tuteremshe kila kitu Kasongo. Barabara inashuka katika misitu ya mitoni, mmoja baada ya mwingine, na wachungaji huvuka pale usiku tu kwa sababu usiku mbung'o wamelala. Wewe uliniambia mbele ya watu, "Papa, tungojee usiku. Mbung'o watamwua." Nami nikasema hapana. Niliwaogopa wenye silaha wa usiku kuliko mbung'o wa mchana. Tulipita mchana, jua kali, wewe ukimfukuzia Sifa nzi kwa matawi mpaka mikono ikakutoka damu, na mbung'o walikuwa wengi kuliko matawi.

Sijui kama nilikosea. Kama tungengoja usiku labda Sifa angekuwa mzima, na labda wewe na mama yako msingekuwepo. Najiambia hivyo. Najiambia kila siku, na hainisaidii, kwa sababu tulipofika Kasongo tulisikia kuwa barabara usiku ule ilikuwa kimya. Hukunilaumu hata mara moja. Ingekuwa afadhali ungenilaumu.

Veterinere, daktari wa mifugo wa hapa, alifanya alichoweza. Alimpiga sindano aliyokuwa nayo, Sifa akasimama, akala, sote tukacheka, kisha akalegea tena miguu ya nyuma. Wiki iliyopita daktari huyo alinivuta pembeni akaniambia dawa ilichelewa na sasa ni suala la kungoja. Wewe umekwisha kuahirisha safari mara mbili. Rafiki yangu wa zamani, yule anayesimamia watunza farasi kule Lubumbashi, amenipigia kusema nafasi yako haiwezi kungoja tena, kuna vijana wengine mlangoni. Nawe umesema utakwenda Sifa akisimama. Feza mama, Sifa hasimami. Wewe umeishika miguu yake, unajua. Unakaa kwa sababu huwezi kumwacha, na mimi nalielewa hilo kuliko mtu yeyote.

Lakini nikuambie nilichokiona siku ya mwisho aliyotembea. Tulimlazia mti mmoja tu hapa uani, tuone kama bado anainua mguu. Alifika mbele ya mti akasimama, akakusubiri. Ulikuwa na kamba mkononi, kuumeni kwake. Hukumwachia. Uligeuka ukanitazama mimi. Nikatikisa kichwa kukubali, ndipo ukalegeza kamba, naye akainua kwato akapita.

Kila siku umekuwa ukifanya hivyo, na kila siku nilifurahi, nikasema mtoto huyu ana heshima. Siku ile haikunifurahisha. Wewe ndiye unayemjua yule farasi. Mimi ni mzee aliyekaa kwenye ndoo. Unajua unachotakiwa kufanya kuliko mimi, na bado hunyanyui mkono mpaka uniangalie kwanza. Nikaona ule ukanda wa kitenge. Niliufunga mimi, sikuufungua wakati ulipokuwa ukifunguka, na sasa nikiwa karibu nawe haufunguki.

Basi jibu langu ni hili: ndiyo, nakufukuza. Sikufukuzi kwa sababu nimekuchoka. Nyumba hii itakuwa kaburi wiki za kwanza, mama yako atanuna na mimi sitakuwa na mtu wa kumbebea miti. Nakufukuza uende mahali ambapo ukigeuka kutazama, mimi sipo.

Huko watakuambia umwongoze farasi kutoka kushoto. Fanya hivyo, ni farasi wao, na farasi wengi wamezoeshwa hivyo, usije ukakanyagwa. Lakini ukimwona mmoja amepinda, omba ruhusa uende upande wa pili. Watacheka kidogo. Mimi ningecheka pia wakati ule. Farasi akigonga mti, usogeze mti kabla hujamkasirikia farasi. Na akipita vizuri, mwache hapo hapo. Mimi kila nilipofurahi niliongeza mti mmoja, na ndio uliokuwa ukiharibu. Mengine unayajua. Bugali lao ulile kwa mkono unaotaka.

Kesho hutaniona mtoni. Mama yako na mwenye pikipiki watakufikisha mpaka mtumbwini, uvuke Lualaba. Nimewaambia hivyo na nimejua utadhani ni hasira. Si hasira. Farasi aliyelala hawezi kuachwa upande mmoja, pafu la chini linajifunga na ngozi inaoza. Lazima ageuzwe, na asubuhi ndiyo saa yake. Mimi na Amuri mchungaji tunamgeuza kwa ile miti yetu, tunaipenyeza chini ya mbavu pamoja na magunia, tunainua polepole. Ni mizito sasa, au mimi ndiye nimepungua. Nikienda mtoni nitamwacha Amuri peke yake, na peke yake hawezi.

Nitamgeuza mapema, kabla hujaamka, alale kwa kushoto ili kuume kwake kuwe juu. Ukipita kumuaga, utapata pa kuweka mkono wako. Mimi nitakuwa nyuma ya ukuta wa zizi. Nimeamua usinione, maana ukiniona utaniuliza kwa macho kama uende au ubaki, nami sijiamini kuwa nitatikisa kichwa inavyotakiwa.

Usinipigie simu kuuliza habari zake. Mtandao wa hapa ni mbaya na mimi kwenye simu ni mbaya kuliko mtandao. Mama yako atakuwa akikupigia Jumapili baada ya misa, atakusimulia mambo ya jirani, bei ya mafuta, nani kaoa. Siku atakayokuambia kwamba jiko lake limepata miti mipya, iliyonyooka vizuri, usimwulize imetoka wapi. Mwambie ni vizuri, mvua haitamnyeshea tena. Kisha urudi kwa farasi aliye mbele yako, ulegeze kamba.

Nasikia sauti yako na ya wenzako mnarudi kwa njia ya shule. Unacheka. Naikunja barua.

Papa yako